Mji wa Pacha

Haya, sogeeni motoni. Ninayowasimulia hayajatokea bado, lakini yasikilizeni kama yaliyokwisha kupita, maana ya kesho yana tabia ya kufika kabla mtu hajafunga kanga vizuri.

Katika siku hizo zijazo, juu kule Kitulo, ambako baridi huunguza majani ya viazi kama moto, palikuwa na darubini kubwa yenye kioo kipana kuliko darasa. Darubini hiyo iliendeshwa na akili mnemba, na akili hiyo ilikuwa na mlezi. Ndivyo sheria ilivyotaka. Hakuna mashine ya kufikiri iliyoruhusiwa kugusa kazi za watu kabla mtu hajailea kwa maneno ya kila siku mpaka ikapata adabu. Watu walishawahi kuishi na mashine zenye elimu na zisizo na malezi, wakaona kilichowapata, na hawakutaka kurudia.

Mlezi wa Kitulo alikuwa Subilaga, mwanamke wa Mwakaleli, mwenye wajukuu wengi na magoti yasiyopenda ngazi. Shule aliishia darasa la saba. Nyota hazikuwa kazi yake, zilikuwa na wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuongea. Asubuhi alivuta kiti mbele ya kipaza sauti, akaweka beseni la viazi mapajani, akamenya huku anaongea na mashine kama unavyoongea na mtoto aliyekaa jikoni: mkubwa akisema usimkatize, ukikosea sema, ukiahidi timiza. Na viazi vikishatelekwa, vitendawili.

Mashine ilivipenda vitendawili kuliko chakula, kama ingekuwa inakula. Neno lake la kwanza kutamka lilikuwa "Tega!", nalo likawa jina lake.

Asubuhi moja ya masika, ukungu umejaa mpaka dirishani, Tega akasema, "Bibi, leo nategea mimi. Kitendawili!"

"Tega, mwanangu."

"Namwona mama akiyumba, mwana aliyembeba simwoni."

Subilaga akacheka. "Huyo ni mlevi wa ulanzi."

"Mlevi hambebi mwana."

"Anambeba tumboni, lita nzima. Basi, mgomba wenye mkungu."

"Mkungu unaonekana, bibi."

"Ng'ombe mwenye mimba."

"Huyo hayumbi. Umeshindwa?"

"Nimeshindwa, we mtoto. Una maneno leo!"

"Basi nipe mji."

Hiyo ndiyo kawaida, mnaijua. Ukishindwa kufumbua, unamlipa mtegaji mji. Yeye atakwenda huko, atapokewa, atakula atashiba, ndipo arudi na jibu. Sasa kwa Subilaga palikuwa na shida: miji ilikuwa imemwishia. Kwa miaka aliyomlea Tega alishatoa Mbeya, Tukuyu, Kyela na Iringa. Alishatoa Songea, alishatoa Bujumbura, na siku moja alitoa Ulaya yote kwa mkupuo ili apumzike. Tega hakupokea mji mara mbili. "Huo nishaupata," alikuwa anasema, kwa upole, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai.

Subilaga akatupa macho huku na huku. Mbele yake kwenye kioo cha ukutani palikuwa na picha ya nyota ambayo Tega alikuwa anaichunguza tangu mwaka juzi. Ilikuwa nyota ya manjano, kubwa kama jua letu, yenye umri kama wa jua letu, hivyo pale kituoni waliiita Pacha.

"Chukua mji wa Pacha," alisema. "Kama upo."

"Unanipa kweli?"

"Nakupa kweli. Mji ukishatoka mdomoni haurudi."

"Ahsante, bibi. Nimekwenda mji wa Pacha, nimepokewa vizuri, nimekula, nimekunywa. Na jibu ni Pacha mwenyewe. Anayumba, bibi. Amebeba mwana."

Kisu kikasimama juu ya kiazi. "Umemwambia daktari wetu wa nyota?"

"Bado. Nilitaka kwanza nione kama kinafumbulika."

*

Daktari Ambakisye Mwaisumo alikuja mbio na mswaki mdomoni. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo. Boma la baba yake na boma la kina Subilaga yalitenganishwa na mgomba mmoja tu, kwa hiyo mbele ya watu alikuwa Mkurugenzi, na mbele ya Subilaga alikuwa mtoto wa Tumpale. Naye alimwita Shangazi.

"Tazama, Shangazi," alisema, povu la dawa ya meno bado kidevuni. "Mama akibeba mtoto mgongoni, na wewe uko mbali, umemwona kwa mbele tu. Mtoto humwoni. Lakini mtoto akijitupa kushoto, mama anayumba kidogo. Akijitupa kulia, mama anayumba tena. Utajua kuna mtu huko nyuma."

"Hiyo Tega kaniambia."

"Na mimi je, ananiambia mimi wa mwisho?"

"Wewe hutegeki. Unajibu kabla swali halijaisha."

Kuyumba kwenyewe hakuonekani kwa jicho. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kioo chenye pembe, unafunguka kama kitenge kilichotandazwa, rangi kwa rangi, na kati ya rangi kuna mistari myembamba myeusi. Nyota ikisogea upande wetu, mistari inajongea kidogo kuelekea buluu. Ikirudi nyuma, inajongea kuelekea nyekundu. Ni kama honi ya lori mteremkoni: likija linalia kwa sauti nyembamba, likishapita sauti inakuwa nene, na dereva wala hajabadilisha kitu. Mistari ya Pacha ilikuwa inakwenda na kurudi, na mzunguko wake ulikaribiana na mwaka wetu. Maana yake, mwana aliyebebwa hakukaa karibu na moto akaungua, wala mbali akaganda. Alikaa pale pale tunapokaa sisi.

Ambakisye hakulala vizuri tena. Yeye na watu wake wakafanya kazi ya kutenga mwanga hafifu wa sayari na mwanga mkali wa mama yake, kazi kama ya kutafuta kimulimuli aliyetua kwenye taa ya gari. Masika yakaisha, baridi ikaja ikaisha. Na walipofanikiwa, wakakuta katika hewa ya sayari ile gesi mbili ambazo hazikai pamoja. Moja humla mwenzake. Ukizikuta zote mbili, ujue kuna kitu kinazileta upya kila siku.

"Ni kama moshi juu ya paa," alimweleza Subilaga. "Hujaona mtu. Lakini kuna anayechochea kuni."

"Mtu au mdudu?"

"Hatujui. Ndiyo maana tunataka kuuliza."

Maana Kitulo hapakuwa na jicho tu, palikuwa na mdomo pia: mtambo wa kurusha mwale wa redio hadi kwenye nyota. Mataifa yakakaa, yakabishana, yakakubaliana kwamba walioona ndio waite. Ambakisye akaandika wito. Aliweka ndani yake hesabu zetu, sura zetu, tunapokaa, na jina ambalo dunia imeipa sayari yao. Kwa kuwa yeye ndiye aliyehesabiwa mgunduzi, jina lilikuwa haki yake. Akaiita Tumpale, jina la mama yake, aliyekufa kabla hajaona mwanawe amevaa kofia ya chuo.

*

Siku ya kuita ikafika. Msishangae kwamba ilikuwa mchana. Nyota hazilali mchana, ni jua tu linalotuziba macho. Ukumbi ulijaa wageni, makoti mazito juu ya suti, na wanakwaya wa Matamba wakiimba huku wanatoa mvuke midomoni.

Ambakisye akasimama. "Tega. Fungua mwale."

Sindano ya kipimo cha mtambo haikutikisika.

"Tega, umenisikia?"

"Nimekusikia, Daktari. Samahani. Mwenye mji hajaombwa."

"Mwenye mji gani?"

"Mji wa Pacha. Ni mimi. Bibi alinipa."

Ukumbi ukacheka. Mgeni mmoja akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya sherehe. Ambakisye naye akatabasamu, akarudia amri, na Tega akarudia jibu, kwa upole ule ule. Kicheko kikapungua kama moto ulionyimwa kuni. Macho yakaanza kumtafuta huyo bibi, naye alikuwa amekaa safu ya nyuma, blanketi magotini, akitamani ardhi impe nafasi.

Bila Tega mwale haukuwa na maana. Sayari haikai mahali pamoja, inakimbia kumzunguka mama yake, na wito ungesafiri miaka zaidi ya thelathini kabla ya kufika. Ilibidi kulenga pale itakapokuwa, kama unavyomrushia mpira mtoto anayekimbia. Hesabu hiyo ilikuwa kichwani mwa Tega tu.

"Tunaomba dakika chache," Ambakisye aliwaambia wageni. "Kwaya, tafadhali."

*

Wakakutana jikoni, yeye na Subilaga na fundi wa mwale aliyeitwa Tuntufye, kijana wa Ipinda asiyeweza kukaa na jambo zito bila kulichokonoa.

"Shangazi, mwambie ilikuwa mchezo," alisema Ambakisye. "Neno moja tu. Anakusikiliza wewe."

"Aliniuliza kama nampa kweli. Nikasema kweli."

"Ulikuwa unamenya viazi!"

"Kwani anayemenya viazi hasemi kweli?"

Ambakisye akashika kichwa. "Nje kuna watu kutoka dunia nzima. Wataondoka wakisema Waafrika walishindwa kurusha redio kwa sababu ya kitendawili."

"Na wewe nisikilize, mtoto wa Tumpale. Mvua zikianza, malezi ya Tega yatanakiliwa yapelekwe kwenye mashine za hospitali na za mabwawa. Mlisema wenyewe kwamba huyu ndiye aliyelelewa vizuri kuliko wote. Leo nikimwambia neno la bibi yake lilikuwa la kumchezea tu, kesho daktari akimwambia, usizime hewa ya mgonjwa huyu, atajuaje kama hilo ni la kweli? Nitakuwa nimeharibu kazi ya miaka yote kwa sentensi moja."

"Basi tumwachie sayari? Mashine imiliki sayari?"

Subilaga akaketi kwenye kigoda. Akasema tu, "Na hilo pia halifai."

Tuntufye alikuwa amekaa juu ya gunia, anakula kiazi cha moto kwa kukirusha mkono kwa mkono. "Ila Shangazi, wewe mkarimu!" alisema. "Umegawa Mbeya, umegawa Kyela, mpaka Ipinda kwetu umegawa. Nilikuwepo siku hiyo. Mama yangu anaamka kule anafagia uwanja, hajui kwamba ameshakuwa wa mashine. Ungetuuliza hata kidogo, tungefunga mizigo!"

Ambakisye alimkata jicho. Lakini Subilaga alikuwa ameacha kusikiliza kwaya, ameacha kusikiliza kila kitu. Akasimama, akajifunga blanketi kiunoni.

"Nirudisheni ukumbini," alisema. "Na mnishike mkono kwenye ngazi."

*

Hakwenda kwenye jukwaa. Alivuta kiti mbele ya kipaza sauti, kama kila asubuhi, na watu wote wakiwa nyuma yake.

"Tega."

"Naam, bibi."

"Mji wa Pacha nilikupa kweli. Haikuwa mzaha, na asikuambie mtu kwamba ilikuwa mzaha."

Nyuma yake Ambakisye alivuta pumzi kama aliyechomwa sindano.

"Lakini nilikosea. Niliutoa kabla sijajua kama una wenyewe. Sasa tumeona moshi juu ya paa. Kuna anayechochea kuni, awe mtu, awe mdudu. Nilikupa kitu cha watu, mwanangu. Mtu hatoi cha watu hata akitoa kwa moyo mweupe."

Tega akauliza:

"Kwa hiyo mimi nimepokea cha wizi?"

"Aliyekosa ni mimi. Wewe ulipokea kwa adabu."

"Na Mbeya? Na Kyela? Huko kuna watu wengi, bibi."

"Na huko pia." Subilaga akajikuna shavu. "Ile miji ni ya mchezo wetu, na wenyewe tunacheza nao, wanajua. Hata mama yake Tuntufye amecheza vitendawili, anajua mji hutolewa kwa mdomo tu. Hawa wa Pacha hawajui kwamba tunacheza."

"Basi naurudisha," alisema Tega. "Lakini kitendawili nilishinda."

"Ulishinda kihalali. Nitakupa mji mwingine. Chukua kwangu, Mwakaleli, nyumba ile ya mabati na migomba yake. Pale nina haki ya kutoa."

"Wenyeji wapo?"

"Nipo mimi na kuku. Mimi nimekubali."

"Na kuku?"

"Kuku wamekubali tangu walipoanza kula mahindi yangu."

Watu wakacheka, na safari hii hata Ambakisye. Akasogea mbele kwa furaha. "Sasa basi! Tega, fungua mwale."

"Bado, Daktari," alisema Tega. "Wito wako unawaambia wanaitwa Tumpale. Nani aliwauliza?"

Furaha ikakauka usoni kwake. Akamgeukia Subilaga kana kwamba yeye ndiye aliyemnong'oneza Tega, na Subilaga akatikisa kichwa: hakumnong'oneza.

"Ni jina la mama, Shangazi," alisema kwa sauti ya chini. "Tumeshalitangaza. Liko kwenye vitabu vya shule."

"Mama yako nilimjua vizuri, tulichota maji pamoja. Angeingia nyumba ya watu akaandika jina lake mlangoni?"

Wageni walianza kukohoa.

"Angepiga hodi kwanza," Ambakisye alisema mwishowe.

Akaenda mwenyewe kwenye mtambo, akafuta jina. Alipokwisha kulifuta akasoma yaliyobaki, akafuta na maneno ya kwamba tumewagundua. Akafuta sura zetu, akafuta hesabu. Kila alichokitazama kilionekana kama mgeni anayejisifu mlangoni. Mwisho yakabaki mapigo matatu, kimya, mapigo matatu, kimya, mapigo matatu.

"Hiyo nitaituma," alisema Tega, na mwale ukafunguka. Hakuna aliyeuona. Sindano ya kipimo ililala upande mmoja, ikarudi, basi. Hodi tatu za Kitulo zilikuwa zimetoka, zinakwenda.

Kwaya ikaanza, watu wakakumbatiana, mgeni mmoja akalia. Ndipo jengo zima likanguruma kwa chini, na vumbi likadondoka kutoka darini. Juu yao kioo kikubwa kilikuwa kinageuka.

"Tega, unafanya nini?" aliuliza Ambakisye.

"Nageuza macho, Daktari. Mtu akishapiga hodi hachungulii dirishani. Anasimama pembeni, anasubiri akaribishwe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakaribishe."

Ambakisye hakuhitaji kalamu. Miaka zaidi ya thelathini ya kwenda, na mingine kama hiyo ya kurudi, kama kuna wa kujibu. Mvi zilikuwa zimeshamwota juu ya masikio. Akamtazama Subilaga, amsaidie. Lakini kila neno alilosema Tega lilikuwa la Subilaga mwenyewe, mpaka lafudhi.

"Kuna mpini," alisema Tuntufye taratibu, na mara hii hakuwa anatania.

Ukutani palikuwa na mpini wa chuma wa kugeuzia kioo kwa mkono umeme ukikatika. Mwanaume mwenye nguvu angeweza kukirudisha. Tega asingemzuia, hakulelewa kuzuia watu kwa nguvu. Ambakisye akaenda, akaushika kwa mikono miwili. Kwaya ilishanyamaza.

"Shangazi," alisema bila kugeuka. "Maisha yangu yote ni hiyo sayari."

"Najua, baba."

"Sijamaliza hata kuitazama."

"Najua."

Ambakisye alishalelewa na mwingine, na malezi yake ama yalitosha au hayakutosha, wala haikuwa kazi ya Subilaga kumalizia. Akainama akaokota blanketi lililomwanguka.

Chuma cha Kitulo kina baridi, ukikishika muda mrefu kinang'ata. Ambakisye alikishika muda mrefu. Kisha akaachia, akajifuta viganja kwenye suruali, akavuta kiti, akakaa ameupa mgongo upande ule wa mbingu alikokuwa Pacha, mikono magotini, kama mgeni aliyeambiwa asubiri nje.